Notisi ya ekuteri: karatasi inayoamuru vidole na kusahau kichwa



Hapa kwetu tumezoea kukosoa vitabu, filamu, mziki na hotuba za wakubwa. Leo niruhusuni nikosoe andiko dogo sana, ambalo karibu kila mmoja wetu amelishika mkononi lakini wachache wamelisoma hadi mwisho. Ni ile karatasi inayokunjwa mara nne ndani ya kartoni ya ekuteri za Bluetooth. Tunaiita notisi. Ukiifungua inaenea kiganja cha mkono, na herufi zake ni ndogo kama mbegu za lengalenga.

Najua kuna mwenye atasema: "Sasa notisi ya ekuteri ya dola tano, nayo njo andiko la kukosoa?" Ndiyo, njo andiko. Iko na mwandishi, hata kama jina lake halionekani. Iko na msomaji. Na iko na kazi moja tu: mtu aliyetoa pesa yake Kadutu ama Nyawera afike nyumbani, atie ekuteri masikioni, asikie sauti. Riwaya ikikuchosha unaifunga, maisha yanaendelea. Notisi ikikuangusha, pesa yako imelala kwenye droo. Kwa hiyo mimi naona notisi inastahili mkosoaji mkali kuliko riwaya.

Yenye inasema

Ile yenye iko mbele yangu ina lugha tatu: Kichina, Kiingereza, na Kifaransa ambacho mtu akikisoma anajua kimetafsiriwa na mashine. Maelekezo ya kuunga ekuteri na telefone ni matatu. Kwanza, toa ekuteri zote mbili ndani ya boksi lake, zitawaka zenyewe. Pili, fungua Bluetooth kwenye telefone, tafuta jina la ekuteri, gusa. Tatu, sauti itakuambia kwamba imeshika. Kisha kuna mstari mmoja peke yake: ukiulizwa namba ya siri, andika 0000. Kinachobaki chote ni michoro ya vidole: gusa mara moja kusimamisha mziki, mara mbili kupokea simu, mara tatu kuruka wimbo.

Tuwe wa haki. Notisi hii ina mazuri yake. Ni fupi. Michoro yake ni safi, hata mtoto anaona ekuteri ya kushoto ni ipi. Na siku ya kwanza, kwa ekuteri mpya na telefone moja, yale maelekezo matatu yanafanya kazi bila shida. Mwandishi hakudanganya.

Lakini aliandikia siku ya kwanza tu. Ekuteri inaishi siku nyingi. Dada anaiazima, inarudi, wewe unabadilisha telefone, boksi linaishiwa chaji wakati umeme hauko. Kuanzia siku ya pili msomaji anabaki peke yake na amri tatu ambazo hazikumwambia sababu. Amri moja ikikataa, hana kitu kingine cha kushika.

Yenye haisemi

Bluetooth inafanya mambo mawili tofauti, na notisi imeyachanganya kama ni moja. Telefone ikiwa katika Kifaransa inayataja kwa maneno mawili: *associer* na *connecter*. La kwanza ni kujuana. La pili ni kushikana.

Fikiri namna unavyopata namba ya mtu. Mnakutana, mnapeana namba, kila mmoja anaandika ya mwenzake. Hiyo inafanyika mara moja. Kumpigia ndiko jambo la kila siku, na hamhitaji kupeana namba tena. Ekuteri na telefone ni vile vile. Siku ya kujuana zinatengeneza ufunguo wa siri, na kila moja inauweka katika kumbukumbu yake. Siku nyingine zote zinatafutana kwa ufunguo ule ule, bila kukuuliza kitu.

Ukishika jambo hilo moja, mengi yanafunguka yenyewe.

Ekuteri ikitoka ndani ya boksi, kwa kawaida inaanza kutafuta telefone ya mwisho yenye ilishikana nayo. Ikiikuta karibu, inaishika, na ekuteri nyingi zikisha kushika zinaacha kujionyesha kwa wengine. Ndiyo maana unafungua telefone yako, unatafuta jina, na jina halionekani. Ekuteri haijafa. Iko katika mazungumzo na telefone nyingine, pengine ya mdogo wako kwenye chumba cha pili.

Vilevile, ukiifuta ekuteri kwenye telefone yako, umefuta namba upande mmoja tu. Ekuteri yenyewe bado inaweza kuwa na ufunguo wa zamani. Ndiyo sababu mara nyingine inabidi usafishe pande zote mbili: kwenye telefone kwa kugusa *dissocier* ama *oublier*, na kwenye ekuteri kwa kubonyeza kwa muda mrefu mpaka taa ibadilike.

Na ule mstari wa 0000? Huo ni mabaki. Zamani vifaa visivyokuwa na kioo wala vitufe vya namba vilipewa namba moja ya kudumu, na mara nyingi ilikuwa 0000. Tangu toleo la Bluetooth 2.1, la mwaka 2007, vifaa vinaweza kujuana bila wewe kuandika namba yoyote, na ekuteri za leo kwa kawaida haziulizi. Mwandishi wa notisi amenakili notisi ya zamani pamoja na uzee wake, kama vile kuna TFC zinazonakili TFC ya promosheni iliyotangulia hadi makosa ya herufi. Msomaji anakaa anangoja swali la 0000 lenye halitakuja, anafikiri telefone yake njo mbaya.

Kuna pia mstari unaosema ekuteri zinafika mita 10. Ni kweli, mahali pa wazi. Lakini Bluetooth inasafiri kwa mawimbi ya redio ya gigaherzi 2.4, na mawimbi hayo yanadhoofishwa sana na maji. Mwili wa mtu zaidi ya nusu yake ni maji. Telefone ikiwa mfuko wa nyuma upande wa kulia, na ekuteri yenye inapokea ikiwa sikio la kushoto, mwili wako wote uko katikati. Sauti inakatika ukiwa umetembea na telefone yako mwenyewe. Ihamishe mfuko wa mbele, mara nyingi shida inaisha. Ingekuwa sentensi moja tu kwenye notisi.

Inatugharimu nini

Mtu anaweza kuona haya ni mambo ya starehe, ya kusikiliza mziki ndani ya basi. Siyo. Siku hizi ONG nyingi zinafanya mahojiano ya kwanza ya kazi kwa WhatsApp ama kwa video. Kijana anakaa miezi anangoja ujumbe ule, kisha anapewa nusu saa.

Mwenzetu mmoja wa kike, wa promosheni ya nyuma yetu, alipata mahojiano ya namna hiyo. Aliandaa vyote: mega, mahali pa kimya, chaji ya kutosha. Saa ilipofika akatia ekuteri, akapokea, hasikii kitu. Kwenye telefone jina la ekuteri linaonekana, anagusa, linakataa. Anazirudisha ndani ya boksi, anazitoa, linakataa. Alifuata notisi neno kwa neno. Kumbe kaka yake alizisikiliza usiku, na telefone ya kaka ilikuwa imelala nyuma ya ukuta, Bluetooth wazi. Kila ekuteri zikitoka, zinakimbilia kule. Dakika zikapita, akamaliza mahojiano ameshika telefone kwenye shavu, sauti inatetemeka. Dawa ilikuwa kuzima Bluetooth kwenye telefone ya kaka. Sekunde tano. Lakini ili mtu afikirie dawa hiyo, lazima ajue kwamba ekuteri ina kumbukumbu, na notisi haina neno kumbukumbu hata mara moja.

Tena kwenye simu kuna jambo lingine lenye linawashtua wengi. Mziki ulikuwa mtamu, mahojiano yakaanza, sauti ikawa nyembamba kama ya redio ya zamani. Mziki unasafiri upande mmoja, kutoka telefone kwenda sikioni. Simu inahitaji pande mbili kwa wakati mmoja, kwa sababu maikro nayo imefunguliwa, na njia ni ile ile, donc sauti inabanwa. Ekuteri ni nzima. Asiyejua anaanza kubonyeza kila mahali katikati ya mahojiano, na kwenye hizi ekuteri kubonyeza mara moja zaidi kunaweza kukata simu.

Na wale wasio na mahojiano wanalipa namna nyingine. Kuna wenye kurudi sokoni kumlipa mtu awaungie. Kuna wenye kutupa ekuteri nzima na kununua zingine, zenye zitakuja na notisi ile ile.

Habari ya lugha

Hapa kuna kichekesho cha uchungu. Jina Bluetooth lilitokana na Harald, mfalme wa Denmark wa karne ya 10, ambaye jina lake la utani lilimaanisha jino la buluu. Anakumbukwa kwa kuunganisha Denmark na Norway. Jina hilo lilipendekezwa mwaka 1997, na mwaka 1998 makampuni matano, yaani Ericsson, Nokia, IBM, Intel na Toshiba, yalianzisha umoja ili vifaa vya makampuni tofauti vielewane. Hata ile alama tunayoigusa kila siku ni herufi mbili za zamani za Skandinavia, za mwanzo wa majina yake, zimeshikanishwa. Yaani hadithi yote ni ya kuwapatanisha wasioelewana. Vifaa vimepatana. Msomaji njo amesahauliwa nje ya mlango.

Katiba yetu ya 2006 inataja lugha nne za taifa: Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba. Sijaona hata moja kwenye notisi ya kitu chochote nilichonunua. Lakini sitaki kumalizia malalamiko hapo, sababu kutafsiri peke yake hakutoshi. Ushahidi uko ndani ya telefone zetu. Ukiiweka Android katika Kiswahili, inakuambia "Oanisha kifaa kipya." Neno ni sahihi, tena ni zuri. Lakini limpelekee mtu wa Bagira, ataona kuoana ndani yake, atakuuliza kama ekuteri inaolewa. Mimi sicheki swali hilo, kwa sababu liko karibu na ukweli kuliko notisi nzima: siku ya kufunga ndoa ni moja, maisha ya ndoa ni ya kila siku. Shida ni kwamba neno limewekwa pale bila maelezo. Neno geni la Kiswahili bila sababu linafunga mlango sawa na neno geni la Kiingereza.

Sasa msikilizeni kijana mwenye kuuza ekuteri barabarani, ile meza yake ndogo chini ya mwavuli. Ukimuuliza, anasema: "Kwanza bijuane, kisha bishikane. Kama bimekataa, ujue kuko ingine telefone yenye inabishika." Sentensi mbili. Zimetofautisha kujuana na kushikana, zimetaja sababu ya kukataa, na zimeacha njia ya kutafuta dawa. Kwa mimi mkosoaji, huyo njo mwandishi bora wa notisi katika mji huu, na hajaandika hata herufi moja.

Kwa nini hili linatuhusu sisi

Nimesoma agronomia, na katika kazi yetu notisi zinaitwa fishi. Tunaandikia wakulima. Chukueni mnyauko wa migomba, ule tunaouita wilt, ulioonekana Masisi mwaka 2001 kisha ukafika hadi Kivu yetu ya Kusini. Fishi nyingi nilizosoma zinaamuru vizuri sana: ondoa ua dume kwa kijiti chenye panda; kata shina lenye ugonjwa; safisha panga kwa moto ama kwa maji ya javeli. Amri zote ni sahihi. Mama anasoma, ama anasomewa, na anajiuliza: kwa nini nikate ua kwa kijiti wakati niko na panga kali mkononi? Javeli ni ya nguo, inahusu nini shamba? Fishi haimjibu. Anafanya wiki moja, anaacha.

Sababu ni ya sentensi mbili tu. Ugonjwa huu ni bakteria inayoishi ndani ya maji ya mgomba, na panga lililokata mgomba mgonjwa linaibeba hadi kwenye mgomba mzima. Wadudu nao wanaibeba wakitembelea lile ua dume. Mama akijua hayo, hahitaji tena tumwandikie kila kitu. Siku javeli haiko, anawasha moto. Jirani akiazima panga, anajua nini cha kufanya kabla na baada ya kumpa. Ameshika sababu, anaweza kutunga amri mwenyewe, hata kwa hali ambayo sisi hatukuifikiria ofisini.

Hapo njo kipimo changu kwa notisi ya ekuteri na kwa fishi ya migomba. Andiko la maelekezo lisilotoa sababu linamfanya msomaji kuwa mikono ya mwandishi, na mwandishi hayuko pale jambo likiharibika. Mtu anaweza kujibu kwamba sababu zinarefusha karatasi. Lakini michoro ya kugusa mara moja, mbili na tatu imekula nusu ya notisi nzima. Nafasi ilikuwepo.

Ili nisikosoe mikono mitupu, hii hapa notisi yenye ningeweka ndani ya kartoni ile. Nimeiandika iweze kuenea karatasi ile ile:

*Boksi hili ni chajeri ya ekuteri. Likikauka, ekuteri nazo zinakauka. Kwanza lichaji.*

*Ekuteri na telefone zinajuana mara moja, kisha zinashikana kila siku. Kuzijulisha: toa ekuteri zote mbili, fungua Bluetooth kwenye telefone, tafuta jina lililoandikwa kwenye kartoni, gusa. Taa inayobadilika rangi haraka inamaanisha ekuteri inatafuta rafiki mpya.*

*Ekuteri zinakumbuka. Zikitoka ndani ya boksi zinakimbilia telefone ya mwisho. Kama jina halionekani ama linakataa, zima Bluetooth kwenye telefone zingine zote za nyumbani, zirudishe ndani ya boksi, zitoe tena.*

*Bado zinakataa? Zisahaulishane. Kwenye telefone futa jina la ekuteri. Kwenye ekuteri bonyeza kwa muda mrefu mpaka taa ibadilike. Anza upya kama siku ya kwanza.*

*Sauti ya simu ni nyembamba kuliko ya mziki kwa sababu inapita pande mbili. Ni kawaida.*

*Sauti ikikatika, leta telefone upande wa mbele wa mwili. Maji ya mwili yanazuia mawimbi.*

*Kabla ya simu ya maana, jaribu na rafiki.*

Vitufe vinatofautiana kutoka ekuteri moja hadi nyingine, kwa hiyo mstari wa kubonyeza kila mtengenezaji angeujaza mwenyewe. Mengine yote yanafaa karibu kila ekuteri na kila telefone, kwa sababu yanatokana na namna Bluetooth yenyewe inavyofanya kazi.

Kwa wenzangu wenye watapewa mwezi huu kazi ya kuandika fishi, protokoli, ama karatasi ya kubandika ukutani kwenye kituo cha afya, naomba kitu kimoja. Kabla ya kuituma, mpe mtu mwenye hajui jambo hilo, aisome ama asomewe. Usimuulize kama ameelewa, maana kwetu mtu mwenye heshima atakujibu ndiyo. Muulize: "Ikikataa, utafanya nini?" Akiwa na jibu lake mwenyewe, tuma. Akikutazama tu, chukua kalamu, rudi kwenye sentensi ya kwanza.